Vipande Arobaini vya Siri

Ishirini na mbili!

Hapo ndipo tulipokatia, msomaji, na najua umenilaani wiki nzima. Fundi naye hajasogea hata hatua. Amesimama mbele ya kompyuta, mikono kichwani, anasoma maandishi ya kijani: Kipande cha 22 kati ya 40 kimepokelewa. Asante.

Hiyo asante ndiyo iliyomchoma zaidi. Aliiweka mwenyewe, kwa adabu zake.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifutia vioo, sikulaumu, nakupa kwa kifupi. Fundi ni mwandishi wa programu katika ofisi ya matangazo ya reli. Ametengeneza programu moja jeuri inayoitwa Mkaidi. Kazi yake ni moja tu: faili lolote la sauti likiwekwa kwenye folda iitwayo Tayari, Mkaidi analikatakata vipande, anavituma kimoja kimoja kwenye huduma ya mtandaoni, na kipande cha mwisho kikifika tu, huduma inaviunga vyote na kuvirusha kwenye spika za stesheni kumi na moja. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kuzuia.

Jana Fundi alijifungia kwenye chumba cha kurekodi akapiga soga na Shangazi yake kwa simu dakika arobaini nzima, simu ikiwa mezani, sauti nje. Alidhani maiki imelala. Maiki ilikuwa macho kuliko mlinzi wa benki.

Na asubuhi ya leo Asali, mtangazaji wetu, kwa haraka ya uzinduzi alikusanya rekodi zote mpya bila kuzisikiliza, akazimwaga kwenye Tayari.

Ndani ya rekodi hiyo kuna mambo. Kuna Fundi akisema kwamba Meneja anapaka nywele zake rangi ya viatu. Na mwishoni kabisa, kwenye dakika ya arobaini, kuna Fundi akimfungulia Shangazi moyo wake wote kuhusu huyo huyo Asali. Saa sita kamili mchana Mkurugenzi Mkuu wa reli anazindua spika mpya, watu wamejaa stesheni kuu, na saa ya ukutani inasema saa tano na dakika arobaini na tano.

Kipande cha 23 kati ya 40 kimepokelewa. Asante.

"Usinishukuru!" Fundi akaipigia kelele skrini. "Nyamaza!"

Akakurupuka. Dawa ya kwanza, kulifuta faili. Akabonyeza.

Faili limefutwa. Usiwe na wasiwasi, Mkaidi anayo nakala.

Miezi mitatu iliyopita Meneja alifuta kwa bahati mbaya tangazo la daraja bovu, abiria wakasubiri treni hadi wakaanza kujuana kwa majina. Tangu siku ile Fundi alimfundisha Mkaidi kuficha nakala ya kila faili kabla hajaanza kulituma. Ofisi nzima ilimpigia makofi.

Dawa ya pili, kumzima Mkaidi mwenyewe. Akamzima.

Mkaidi amezimwa.

Fundi akashusha pumzi, akajifuta jasho, hata akatabasamu. Akahesabu moja, mbili, tatu.

Mkaidi ameamka. Anaendelea na kipande cha 26.

"Mama yangu!"

Alikuwa amesahau mlinzi. Umeme wa jengo lile ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, kwa hiyo Fundi aliandika programu ya pili, kazi yake kumwamsha Mkaidi kila anapoanguka. Na mlinzi huyo hazimiki bila neno la siri la Meneja, ambalo Meneja alilibadilisha juzi aliporudi semina, hakumwambia mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini ni wachache wanaokichimba kwa ustadi namna hii.

Dawa ya tatu haikuhitaji elimu. Fundi akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akaushika waya wa intaneti akauchomoa.

Kimya. Akatoa kichwa taratibu, kama mtu anayechungulia kama mgeni ameshaondoka.

Kipande cha 28 kimeshindikana. Najaribu tena.

Najaribu tena.

Najaribu tena.

"Jaribu mpaka uchoke, mwanangu," Fundi akasema kwa kebehi.

Njia ya kwanza imefungwa. Natumia njia ya akiba.

Fundi akakaa sakafuni kabisa. Njia ya akiba! Modemu ndogo yenye laini ya simu, aliyoiweka kwa mikono yake ndani ya kabati la chuma la Meneja, ili wezi wasiifikie. Funguo ziko mfukoni mwa Meneja. Meneja yuko stesheni kuu, kilomita sita, pembeni ya Mkurugenzi.

Nafuu ilikuwa moja tu. Modemu ile ilikuwa na mwendo wa kobe mgonjwa. Kipande kimoja kilichukua karibu dakika nzima. Fundi akapiga hesabu haraka: vimebaki kumi na vitatu, dakika kumi na tatu. Muda upo. Akili itakuja.

Aliyekuja ni Asali.

Sasa, msomaji ambaye hujawahi kumsikia mtu huyu, shukuru. Alikuwa na sauti ambayo abiria walikosa treni kwa kusimama wakisikiliza inavyotangaza. Mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, na hajui kabisa ana nini kooni.

"Fundi, tangazo langu la uzinduzi limeshafika?"

Fundi akaruka, akavua sweta, akaifunika nalo skrini.

"Limekwama kidogo."

"Limekwama wapi?"

"Nyuma ya faili jingine. Mkaidi anatuma kwa foleni."

"Faili gani hilo?"

"La majaribio tu."

Asali akainamisha kichwa, akasoma pale sweta lilipoacha nafasi. "La dakika arobaini?"

"Nilijaribu sana."

Asali akatikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa anamheshimu Fundi kupita kiasi, na hapo ndipo ulipokuwa msiba, kwa sababu heshima ya namna hiyo haimwambii mtu kitu. Miezi sita wamekaa ofisi moja. Amemshukuru mara mia mbili. Hajamuuliza hata mara moja kama ana mtu.

Asali akachungulia chini ya meza. "Ee! Waya umechomoka! Ndiyo maana."

"Asali, acha, us..."

Tik.

"Nimekurekebishia," akasema Asali, akijipangusa magoti, ameridhika na nafsi yake.

Kipande cha 31 kimepokelewa. Asante. Kipande cha 32 kimepokelewa. Asante.

"Asante," Fundi naye akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole na rafiki.

Kuuchomoa waya tena mbele ya Asali ilikuwa ni kujieleza, na kujieleza ndicho kitu pekee asichokiweza leo. Lazima mtu huyu atoke.

"Asali, naomba maji."

"Haya hapa mezani."

"Ya baridi."

"Haya ni ya baridi."

"Baridi zaidi, Asali!"

Asali akatoka mbio. Fundi akajitupa chini ya meza, akauchomoa waya kwa mara ya pili, akaufunga fundo ili mtu mwema mwingine asije akaurudisha. Kipande cha 34. Tumerudi kwa kobe. Dakika sita.

Akampigia Meneja. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Haipokelewi. Meneja alikuwa amesimama mbele ya kamera, na mtu aliyesimama mbele ya kamera hana simu wala familia.

Basi akampigia mtu mmoja tu aliyekuwa stesheni kuu na asiyeogopa mtu. Shangazi, mkata tiketi wa dirisha namba tatu.

"Dirisha namba tatu, unakwenda wapi?"

"Shangazi, ni mimi!"

"Najua ni wewe, jina linaonekana. Nimezoea tu. Unakwenda wapi?"

"Shangazi, nisikilize. Maongezi yetu ya jana yamerekodiwa. Yote. Sasa hivi yanaelekea kwenye spika."

"Spika zipi?"

"Zote."

"Hata hii iliyo juu ya kichwa changu?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Fundi akasikia muhuri wa tiketi ukianguka mezani.

"Na ile sehemu ya umri wangu?"

"Imo, Shangazi. Kipande cha kumi na nane. Kimeshafika, kinangoja wenzake."

Hapa nikunong'oneze jambo. Stesheni nzima ilimjua Shangazi kuwa na miaka arobaini na nane. Ndivyo alivyomwambia hasa Mkuu wa Stesheni, baba mmoja mtulivu aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, ambaye siku hizi hupita dirisha namba tatu mara nne kwa siku kuuliza kama chenji ipo. Umri wa kweli wa Shangazi aliujua mama yake, na tangu jana, maiki.

"Nifanye nini?" Shangazi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya vita.

"Mfuate Meneja. Yuko jukwaani na Mkurugenzi. Mwekee simu sikioni, usimpe nafasi ya kukataa."

Kikasikika kishindo cha dirisha kushushwa.

"Mama, mbona unafunga?" abiria mmoja akalalamika. "Treni yangu inaondoka dakika tano zijazo!"

"Na miaka yangu inaondoka dakika nne zijazo! Pisha!"

Fundi akabana simu sikioni. Alisikia viatu vya Shangazi vikila sakafu, alisikia ngoma ya bendi ya reli, alisikia mtu akisema "Mama, huku ni kwa wageni rasmi," na Shangazi akijibu "Mgeni ni wewe, mimi niko hapa tangu hujazaliwa," jibu ambalo halikumsaidia sana kwenye suala la umri.

Kipande cha 36 kimepokelewa. Asante.

"Meneja huyu hapa," Shangazi akahema. "Ongea!"

"Nani huyu? Niko na Mkurugenzi!" Meneja akafoka kwa kunong'ona.

"Meneja, ni Fundi. Naomba paswedi yako. Haraka."

"Haiwezekani. Kwenye semina tumeambiwa hata mke asiijue."

"Mimi si mkeo, Meneja. Kuna faili baya linakwenda hewani."

"Baya kivipi?"

"Linazungumzia nywele zako."

Meneja akashusha sauti zaidi.

"Nywele zangu zina nini?"

"Mpaka sasa hazina kitu. Baada ya dakika tatu, sina uhakika."

Meneja akasalimu amri. Kisha akanong'ona kitu. Wakati huohuo treni ya mizigo ikaingia stesheni ikipiga honi.

"Sijasikia!"

Meneja akaongeza sauti kidogo. Treni nayo ikaongeza.

Kipande cha 38 kimepokelewa. Asante.

"Meneja, sijasikia! Kwa sauti!"

Kumbuka, msomaji, hapo Meneja ana simu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika maiki ya sherehe ambayo alikabidhiwa afungue hotuba. Mtu akichanganyikiwa hachagui mkono. Akajaza mapafu, akapaza sauti, na stesheni kuu yote ikanguruma:

"MENEJA KIJANA MILELE!"

Treni ikanyamaza. Bendi ikanyamaza. Watu elfu mbili wakatazamana. Kisha mzee mmoja wa nyuma kabisa, ambaye maisha yake yote hajapitwa na kaulimbiu, akainua fimbo akaitikia: "Mileleee!"

"MILELEEE!" umati ukapokea. Mkurugenzi mwenyewe akapiga makofi akamwambia msaidizi wake aiandike hiyo.

Fundi hakuwa na muda wa kucheka. Akaandika paswedi. Akakosea. Akafuta.

Kipande cha 39 kimepokelewa. Asante.

Kimebaki kimoja. Akaandika tena, taratibu, akizuia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Akabonyeza.

Mlinzi amezimwa.

Akamzima na Mkaidi.

Mkaidi amezimwa. Kipande cha 40 hakijatumwa.

Moja. Mbili. Tatu. Nne, tano, sita. Hakuna aliyeamka.

Fundi akalia. Alilia kidogo tu, kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba imebaki dakika moja na nusu na Mkurugenzi anasubiri kusikia spika zake. Akafungua fundo, akarudisha waya. Akafagia foleni yote. Kipande cha arobaini akakifuta kwa mkono wake, na nakala yake, na nakala ya nakala. Tangazo la Asali akalituma mwenyewe, bila Mkaidi, kwa njia ya kizamani: chagua faili, bonyeza tuma, omba Mungu.

Saa sita kamili. Kupitia simu ya Shangazi ikasikika sauti ile, laini, ikimwagika juu ya vichwa vya watu: "Abiria wapendwa, karibuni. Kuanzia leo tutasikilizana vizuri zaidi."

Makofi. Vigelegele.

"Tumepona, mwanangu!" Shangazi akapiga kelele. "Mkuu wa Stesheni ananikonyeza hapa. Na wewe sasa mwambie huyo kijana. Mficha uchi hazai."

"Shangazi, siwezi."

"Kwa nini huwezi? Jana uliniambia mimi bila kigugumizi."

"Wewe huna sauti kama ile," akasema Fundi, akakata simu.

Na huo ulikuwa ukweli. Kila mara Asali anapomwambia habari za asubuhi, majibu yote aliyoyaandaa kitandani yanapotea. Anaweza kuifundisha mashine kutokata tamaa, lakini yeye mwenyewe amekata tamaa kila siku ya kazi kwa miezi sita, kuanzia saa mbili asubuhi.

Mlango ukafunguka. Asali, na glasi ya maji yenye barafu mpaka juu, anahema.

"Nimekwenda mpaka duka la kona," akasema. "Wewe ulitaka baridi."

Fundi akaipokea. Akataka kusema kitu. Simu ya Asali ikalia mlio mfupi mfukoni.

Asali akaitoa, akasoma kwa sauti, kwa kuwa watangazaji husoma kila kitu kwa sauti. "'Ndugu msikilizaji aliyesajiliwa. Faili la sauti halikukamilika. Vipande thelathini na tisa kati ya arobaini vimehifadhiwa na kuunganishwa. Tafadhali sikiliza, uthibitishe kama tufute au tusubiri.'" Akainua uso. "Mimi ni msikilizaji aliyesajiliwa? Tangu lini?"

Tangu siku huduma ilipofunguliwa, msomaji. Fomu ilikuwa na mahali pa kujaza namba ya mtu wa kuthibitisha sauti. Fundi angeweza kujaza namba yake mwenyewe. Alijaza ya Asali, kwa sababu alikuwa anatafuta sababu ya kumwomba namba.

"Usisikilize!" akasema. "Ni kelele tupu. Thibitisha tu kwamba lifutwe."

"Dakika moja. Siwezi kuthibitisha nisichokisikia."

Tayari alikuwa ameshavaa hedifoni.

Fundi akajipa moyo. Rekodi ni ndefu. Itaanza na chafya, kisha hali ya hewa, kisha bei ya sabuni, kisha magoti ya Shangazi. Asali atachoka dakika ya tatu. Lakini watangazaji wana tabia moja ambayo Fundi hakuijua. Wakipewa sauti ya kukagua, hawaanzi mwanzo. Wanaanza na sekunde kumi za mwisho, wahakikishe haikukatika.

Asali akasogeza kidole hadi mwisho wa mstari. Akasikiliza.

Akarudisha. Akasikiliza tena.

Akarudisha mara ya tatu. Safari hii akakaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo.

"Imekatika," akasema.

"Wapi?" Fundi akauliza.

"'Shangazi, nikuambie ukweli wangu wote kuhusu Asali. Mimi huyu mtu...' Basi. Kimya."

Saa ya ukutani ikaendelea na kazi yake. Asali akavua hedifoni.

"Mimi huyu mtu nini?"

Ile sauti ilikwaruza. Sauti iliyosimamisha abiria wa stesheni kumi na moja ilikwaruza kama mlango wa stoo. Fundi akamtazama usoni, akaona jambo ambalo kwa miezi sita hakulifikiria hata mara moja: na yeye anaogopa.

Uongo ulikuwepo, tena wa kutosha. Mimi huyu mtu simfahamu vizuri. Mimi huyu mtu ananichosha kwa kuburuta kiti. Ungetoka mmoja tu, mambo yangekwisha, kila mmoja angerudi kwenye meza yake.

"Ilikuwa ni..." akaanza.

Asali akasimama. Akaufungua mlango wa chumba cha kurekodi, akaushikilia.

"Fundi, miaka tisa nafanya kazi hii. Sijawahi kupitisha sauti iliyokatika. Ingia umalizie."

"Leo?"

"Sasa hivi. Kama ni baya, nitalisikia. Kama ni zuri..." Hakumaliza na yeye.

Fundi akaingia. Akakaa. Upande wa pili wa kioo Asali akavaa hedifoni, akawasha taa nyekundu, na mkono wake ukagonga kikombe cha kalamu zikamwagika zote, wala hakuziokota.

Akainua vidole vitatu.

Viwili.

Kimoja.

"Mimi huyu mtu," Fundi akasema, na akaona Asali nyuma ya kioo ameacha kupumua.